Dimbwi Hili Si Langu

Tarasaa hatuna mbu wetu. Hilo lieleweke mapema, maana kuna watu wanapenda kutuharibia jina. Mbu wanaotuuma hapa ni wageni. Muulize yeyote pale stendi ya bodaboda, atakwambia wanatoka Ngao, kule karibu na mto. Watu wa Ngao nao watakwambia hapana, mbu wanatoka kwenye mashamba ya mpunga. Mwenye mpunga anaapa kwamba maji yake yanatembea, na mbu hapendi maji yanayotembea, kwa hiyo nenda katafute kwenye nyayo za ng'ombe. Mwenye ng'ombe anaweka fimbo mabegani, anaitundikia mikono yake miwili, kisha anakuuliza taratibu kama ng'ombe wake ndio walioleta mafuriko. Mafuriko si yanatoka kwenye bwawa la Masinga? Na Masinga ni mbali, nauli hatuna. Kesi inafungwa hapo hapo na kila mtu anarudi kwake kujikuna.

Nimeishi katika Delta hii ya Mto Tana muda wa kutosha kujua kwamba kila kitu hapa kina mwenyewe. Mwembe una mwenyewe, hata kama aliyeupanda alizikwa enzi za mkoloni. Malisho yana wenyewe, na tukikosana juu yake tunakosana vibaya, dunia nzima ikasikia. Kiti cha mbele cha matatu ya Malindi kina mwenyewe kabla matatu haijafika. Lakini dimbwi? Dimbwi ni yatima. Likiwa mlangoni pako, ni la mvua. Likiwa mlangoni pa jirani, ni la jirani, na ni aibu kubwa, na mke wake anaona tu.

Sasa imeingia habari hii ya kuua viluwiluwi. Wakubwa wa afya wamechoka kumngoja mbu akomae, aote mbawa, aingie chumbani. Wanasema tumfuate kwao majini akiwa bado mtoto. Wazo lenyewe si geni. Ronald Ross, yule daktari Mwingereza aliyemkuta mdudu wa malaria tumboni mwa mbu kule India mwaka 1897, kufikia 1902 alikuwa ameshachapisha kitabu kizima kuhusu jinsi ya kuunda vikosi vya watu wa kufukuzana na mbu kwenye madimbwi. Zaidi ya miaka 120 imepita. Miaka yote hiyo habari ilikuwa njiani inakuja Tarasaa; pengine ilishukia Minjila ikakosa gari la kuunganisha.

Baraza likaitwa, chini ya mwarobaini, saa tatu za asubuhi, yaani saa tano. Chifu akasema machache kwa muda mrefu. Kisha akasimama afisa wa afya ya umma, kijana nadhifu, viatu vyake vikionyesha kwamba hakuambiwa barabara ikoje.

"Wazee wangu, mama zangu," akaanza, "samaki mkunje angali mbichi."

"Samaki gani?" akauliza mvuvi mmoja kutoka nyuma. "Kambare hakunjiki, mwanangu. Mbichi wala mkavu."

Kijana akaona methali imegoma, akaamua kutuonyesha kwa macho. Kando ya kioski cha maji kuna mahali tairi za lori ziliwahi kuzama, pakabaki mfereji mfupi wa maji ya rangi ya chai. Akachukua kata nyeupe ya plastiki yenye mpini mrefu, akachutama, akaizamisha ukingo wake taratibu maji yaingie yenyewe bila vurugu, akainyanyua. Tukamzunguka. Mwanzoni huoni kitu, unaona maji machafu tu na jani moja. Ukitulia, jani lile si jani peke yake. Kuna vijiti vyembamba vya hudhurungi, vingine havifiki urefu wa punje ya mchele, vimelala juu ya maji vimejinyoosha. Kimoja kikajikunja, kikajikunjua, kikasogea kinyumenyume. Kivuli cha kofia ya afisa kikapita juu ya kata, na vyote vikazama mara moja hadi chini, kana kwamba vimeitwa. Tukangoja. Vikarudi kimoja kimoja.

"Hawa waliolala sambamba na uso wa maji," akasema, "ndio Anopheles, wa malaria. Hawana mrija wa kupumulia, ndiyo maana inabidi walale hivi. Mkienda kwenye mitaro na vyoo mtakuta wengine wanaoning'inia kichwa chini, wamechomoza mrija juu ya maji. Wale ni Culex. Nao wana lao: matende na mabusha."

Aliposema mabusha, wanaume waliokuwa wamekaa mbali wakivuta gumzo lao wakasogea mbele wote. Nimehudhuria mabaraza mengi ya malaria, na malaria haijawahi kumsogeza mwanaume hata hatua moja. Ningekuwa mimi ndiye serikali, kila tangazo la mbu ningelianza na mabusha, halafu malaria ningeipenyeza mwishoni, watu wakiwa bado wameshika viti.

Kijana akaendelea vizuri. Kwenye joto letu hili, akasema, yai la mbu huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo dimbwi unaloweza kulifukia, lifukie. Usiloweza kulifukia, lichimbie njia maji yatoke. Lisilowezekana kote kuwili linatiwa dawa. Watu wakatikisa vichwa. Mambo yalikuwa yanakwenda. Kisha bibi mmoja akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo.

"Hiyo dawa ukiitia majini, mwanangu, na mbuzi wangu akinywa?"

"Hana neno, bibi. Haimdhuru mtu, wala mbuzi, wala samaki. Inaua viluwiluwi vya mbu na jamaa zao wachache tu. Kwanza si sumu ya dukani. Ni bakteria."

Hapo ndipo alipojichimbia kaburi. Tangu nilipokuwa mtoto, kila mtu wa afya aliyekanyaga Tarasaa ametuambia tuchemshe maji tuue bakteria. Tumechemsha. Tumemaliza kuni. Tumetia vidonge vya klorini, chai ikawa na ladha ya hospitali. Leo amekuja mwingine, na vyeti vyake, anasema ameleta bakteria kwenye mfuko na anaomba ruhusa ya kuwamwaga majini.

Maskini, akazidi kujieleza. Bakteria hao wanaishi udongoni, akasema; wanatengeneza protini ambayo kiluwiluwi akiila inamharibu utumbo, na tumboni mwa mtu au mwa mbuzi haifanyi kazi hiyo. Waligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli.

"Jangwani?" akasema yule mvuvi. "Jangwani wana mbu wa nini?"

Swali zuri. Mbu wa huko walikuwa kwenye dimbwi, bila shaka, na dimbwi lile nalo sijui lilikuwa la nani.

Nisiwe mnafiki: yote aliyoyasema kijana ni kweli. Wenzetu wameyafanya. Dar es Salaam walianza mpango wao wa malaria mjini mwaka 2004, na kufikia 2006 walikuwa na watu wa mitaa yenyewe wanaozunguka kila wiki, uwanja kwa uwanja, mfereji kwa mfereji, wakitia dawa ya jamii hii hii, na malaria ikapungua katika kata walizoanzia. Baadaye Tanzania ikajenga kiwanda cha dawa hiyo Kibaha kwa utaalamu wa Wacuba, kikafunguliwa mwaka 2015. Halmashauri zikawa nzito kuinunua, mpaka Rais Magufuli alipokwenda pale mwaka 2017 akazikemea mbele ya kamera. Hata kwa majirani, basi, dawa kuwepo na dawa kutiwa majini ni mambo mawili, na katikati yao anahitajika mtu mkali.

Na hapa karibu, Malindi, kulikuwa na kikundi cha wananchi kilichojiita Punguza Mbu Malindi, wakishirikiana na watafiti. Watafiti hao walikuta kitu kilichonifurahisha mpaka leo: mazalia mengine ya mbu yalikuwa ni mabwawa ya kuogelea. Majumba ya starehe yaliyoachwa, mwenyewe yuko Ulaya, bwawa limejaa maji ya mvua, na mbu wanaogelea kwa niaba yake. Malindi hata mbu wao wana hoteli. Sisi wa Tarasaa tuna shimo.

Shimo lenyewe ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Ulipokuwa ukitengenezwa ule mchepuko wa barabara, mkandarasi alihitaji udongo, akachimba. Alichimba kwa bidii ambayo sikuiona kwenye barabara yenyewe. Akaondoka na magreda yake, akatuachia shimo ambalo lori lingeingia likageuka. Mvua ikanyesha, shimo likajaa. Bango lililoandikwa jina la mwenye kazi lilianguka, mtu akaliezekea banda la kuku. Ukimuuliza mkubwa yeyote kuhusu shimo lile anatoa daftari, anaandika, anafunga daftari.

Mzee mmoja akalitaja pale barazani. "Afisa," akasema, "unaniambia mimi nifukie kikopo cha maziwa nyuma ya jikoni. Sawa, nitafukia. Na lile ziwa la mkandarasi?"

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Lakini niseme pia kile ambacho hakikupigiwa makofi: yule mzee kikopo chenyewe hajakifukia mpaka leo. Nakiona kila nikipita. Huo ndio ujanja wetu. Tukitajiwa kidogo tunataja kikubwa, na kwa kuwa kikubwa hakiwezekani, kidogo kinapata msamaha.

Na kikubwa kuliko vyote ni mto, ambao sisi tunaupenda sana kwenye mabishano. Mtu akisema viluwiluwi, mwingine anajibu: Utautia dawa Mto Tana? Utaitia mbuga yote mpaka Kipini? Hapa, kwa kweli, wabishi wana haki yao. Nani asiyekumbuka El Niño ya 1997 na 1998, ilivyobomoa mradi wa mpunga wa TARDA, shirika la serikali, wenye kingo zilizojengwa na wataalamu? Nani amesahau 2018, au ile ya mwishoni mwa 2023 iliyotufuata mpaka 2024? Wakati ule dimbwi halina kingo. Dimbwi ni sisi. Huko Gambia, ambako mto wao nao hutapakaa mbugani, watafiti walijaribu mwaka 2006 na 2007 kuwapeleka vibarua kwa miguu watie dawa hii kwenye maji ya mafuriko, na mwishoni wakaandika wazi kwamba kwa nchi ya namna ile haikupunguza malaria kwa kiasi cha maana. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema dawa ya viluwiluwi inafaa pale mazalia yanapokuwa machache, yasiyohama na yanayojulikana yalipo. Delta yetu wakati wa gharika haina hata moja kati ya hayo matatu. Mto wenyewe huhama.

Basi wabishi wameshinda? Subirini mvua ikatike. Januari, Februari, Machi, mbuga imekauka, ardhi imepasuka, vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Maji yamebaki wapi? Shimo la mkandarasi. Mfereji wa kioski cha maji. Kisima cha nyuma ya msikiti kisichofunikwa. Bustani moja ya sukuma wiki. Machache, hayahami, na mtoto wa darasa la pili anaweza kukupeleka kwa yote kabla ya chakula cha mchana. Huo ndio wakati wa kumkamata mbu amebanwa pembeni, kabla masika hayajampa mbuga nzima tena. Na huo ndio wakati ambao ukitaja mbu hapa Tarasaa unaonekana umepungukiwa na kazi. Wachache wanaouma hawamnyimi mtu usingizi, kwa hiyo hakuna malaria, kwa hiyo kaa chini unywe chai.

Kisha inafika Mei, maji yako magotini, vifaranga wako juu ya meza, na hapo ndipo tunaposimama kifua mbele: Dawa iko wapi? Serikali imetusahau! Dawa tunaidai siku ambayo haiwezi kitu, na tunaicheka siku ambayo ingeweza.

Kuna pia jambo la kurudia. Afisa alituambia dawa hii inafanya kazi wiki moja hivi, mbili ikijitahidi, kisha irudiwe. Nikaona nyuso zikinywea. Sisi tunapenda dawa inayokuja na gari, watu wenye sare, picha zinapigwa, ugonjwa unaisha. Dawa ya kila wiki hatuiiti dawa, tunaiita kibarua, na kibarua kina swali lake. Kijana mmoja alilileta haraka: "Sasa hiyo posho itakuwa ya siku au ya mwezi?" Nisimcheke sana. Wahudumu wetu wa afya ya jamii wanazunguka nyumba hadi nyumba juani, na kile wanachopewa hakilingani na soli za viatu wanazomaliza. Anayesema mtu akatie dawa kwenye madimbwi kila wiki kwa ajili ya mapenzi ya nchi yake, aje aanze yeye na shimo letu, nimshikie koti.

Neti je? Neti tunazo, serikali hugawa, na hata mimi nalala ndani ya moja. Lakini pitia kando ya mto jioni utaona neti nyingine ziko kwenye kazi ya aina nyingine. Vijana wawili wameishika pembe na pembe, wanaikokota kwenye kidimbwi kilichoachwa na mto, inatoka na vijisamaki vidogo hata havistahili kuitwa kitoweo. Sasa fikiri hapo. Vijisamaki vile chakula chao kimojawapo ni viluwiluwi. Yaani tumechukua kifaa tulichopewa cha kumzuia mbu, tukakitumia kumvua yule aliyekuwa anakula watoto wa mbu bila posho. Mbu angekuwa na kura angetuchagua sisi.

Na kama hilo halitoshi, Januari 2023 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilitangaza kwamba amepatikana Marsabit mbu mwingine wa malaria, Anopheles stephensi, aliyeonekana Afrika mara ya kwanza Djibouti mwaka 2012. Huyu hana shida na mto wala mbuga. Anapenda matangi, mapipa na jerikeni, maji safi ya nyumbani. Miaka yote tumeambiwa tuvune maji ya mvua, tununue tangi, tuache kunywa maji ya mto. Tumenunua kwa mikopo ya chama. Sasa tunaambiwa tulifunike vizuri, maana yuko mbu wa matangi anakuja. Huyo akifika hapa sijui tutamsingizia nani. Tangi lina jina la mwenyewe ubavuni, kwa rangi nyeupe, herufi kubwa.

Baraza liliishia kwenye kamati, kama kawaida. Mwenyekiti alipatikana upesi, katibu akapatikana kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kalamu, na mweka hazina alichukua muda kuliko ajenda zote, ingawa hapakuwa na shilingi ya kuweka. Kisha afisa, ambaye nampa heshima yake kwa kutokukata tamaa, akatoa pendekezo: tusahau mto, tusahau mbuga, tuanze na lile shimo la barabara. Angejaribu kutafutiwa trekta tulifukie kabisa.

Ghafla yatima akapata ukoo.

Bibi wa mbuzi akasimama wa kwanza. Shimo lifukiwe, na mbuzi wake wakanywe wapi kiangazi? Wamama wa kufua wakafuata: pale ndipo wanapofulia kioski kikiwa hakina maji, na kioski hukosa maji mara kwa mara. Vijana wakasema mna kambare mle, waliwatia wao wenyewe mafuriko yaliyopita, na wamekaribia kuvuliwa. Mtu mmoja akasema kipande cha ardhi kile kabla ya kuchimbwa kilikuwa cha babu yake, na ana mashahidi. Mwenye ng'ombe, yule wa fimbo mabegani, akaeleza kwa upole kwamba njia ya mifugo kwenda kwenye maji haifungwi hivi hivi bila wazee kuitwa. Yule mzee wa kikopo, aliyelipigia kelele shimo lile kuliko wote, akanyamaza akitazama kucha zake. Baadaye nikaambiwa shemeji yake ndiye anayechota pale maji ya kufyatulia matofali.

Afisa akafunga kata yake kwenye mfuko. "Basi vizuri," akasema, "kumbe lina wenyewe. Silifukii. Nitaleta dawa, na mmoja wenu atakuwa anaitia kila wiki. Nani?"

Mjadala ukawa mfupi ajabu. Ikakubaliwa kwa kauli moja kwamba anayefaa ni yule shemeji wa matofali, kwa kuwa yuko pale shimoni kila siku na ana ndoo yake mwenyewe. Hakuwepo barazani, alikuwa amekwenda Malindi kwa shughuli zake. Katibu akaliandika jina lake, chifu akapiga muhuri, na mvuvi akajitolea kumpa habari akirudi, kwa sharti kwamba mtu mwingine amweleze habari ya bakteria.